Kivinjari Kilichomkumbuka Mama Salome

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, ndipo asome. Mimi si mtu wa hadithi. Nimebeba mkonge Ngombezi mpaka bega likaota sugu, nikauza mitumba, na biashara zilipofunguliwa kila mtu auze atakacho, nikafungua chumba cha intaneti Korogwe. Kompyuta nne, mimi niliyeishia darasa la tatu, na hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikikwambia niliongea na kitu ambacho si mtu, mchana, ndani ya chumba changu mwenyewe, ujue kilinifika.

Fundi aliyenifungia mashine alikuwa dada mmoja wa Chanika, Handeni, jina lake Mariamu. Aliniletea vivinjari viwili nichague kimoja. Kivinjari ndiyo ile programu unayofungulia intaneti.

"Vyote bure, mzee," akasema. "Ila hiki ni huria. Tumbo lake liko wazi, mafundi wa kila nchi wanalichungulia, kikileta umbeya wanakiumbua. Tena nitakifunga hivi: mteja akiinuka, kinasahau kila alichoandika. Hiki kingine kinakumbuka yote, na hatujui kinampelekea nani."

"Mashine isiyokumbuka ni ya kazi gani? Hata mbuzi anakumbuka njia ya boma."

"Mbuzi hasemi alichokiona, mzee."

Nikamcheka. Sikumwambia sababu yenyewe. Kile kinachokumbuka, ukibonyeza herufi moja tu kinakuletea maneno mazima yaliyowahi kuandikwa. Mimi kuandika kunanitoa jasho. Sikutaka mteja anione nadonoa herufi kama kuku anayetafuta punje. Basi nikachukua hicho, kufunika aibu yangu.

Mama Salome alikuwa mshona nguo, kibanda chake kinatazamana na changu. Siku moja alikuja na mtoto mgongoni, akakaa mashine ya pembeni, akaandika taratibu, akalipa, akaaga. Hata mlango hajauvuka, Athumani muuza mitumba akakaa palepale. Akabonyeza N, anatafuta nguo. Maneno ya mwenzake yakamshukia, na Athumani ana sauti ya mnada:

"'Nikinyonyesha mtoto atapata ukimwi?' Lo! 'Nitamwambiaje mume wangu?' Jamani, nani huyu?"

Chumba kizima kikageukia mlangoni. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Ningeweza kusema ni maneno yangu, au ya mteja wa jana, nani angebisha? Nilicheka ili wateja wasinione mnoko, mharibu utani.

Haukupita muda, hakuna aliyempelekea kitambaa. Mumewe akamtolea vyombo nje. Kibanda kikafungwa, tukaambiwa kaenda kwa dada yake, Mazingara.

Sasa sikia. Ilikuwa masika, mchana, mvua inamwagika, umeme umekatika mji mzima. Niko peke yangu. Nikainua macho, Mama Salome ameketi kwenye mashine ya pembeni. Gauni kavu. Kwa mvua ile! Hata viatu havikuwa na tope.

"Mama Salome! Umerudi lini?"

"Nikinyonyesha mtoto atapata ukimwi?"

Nikadhani ananisuta. "Mama, hayo yamepita. Habari za Mazingara?"

"Nitamwambiaje mume wangu?"

Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza, jibu bado halijui. Nikamgusa bega. Niamini: lilikuwa na joto kavu, kama mgongo wa kompyuta iliyowaka tangu asubuhi. Na umeme hakuna, nimeshakwambia.

Nikapiga magoti, mzee mzima. "Nisamehe, mwanangu."

"Naweza kuishi miaka mingapi?"

Nikaomba tena. Akarudia lile swali la kwanza. Nikaelewa kwamba hana maneno mengine. Aliyoandika pale ni hayo tu, na msamaha hakuuandika. Angenipa kutoka wapi?

Umeme uliporudi, hakuna mtu. Nikajua amekufa. Kesho yake nikapanda gari hadi Handeni, nikaunganisha hadi Mazingara, nimebeba rambirambi. Nikamkuta uani kwa dada yake anapukuchua mahindi, mtoto mgongoni, mwili umenawiri.

"Shikamoo, mzee. Umefuata nini huku?"

"Marahaba. Jana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Mvua yote ile niende wapi?" Hakuacha kupukuchua. "Mtoto amepimwa, mzima. Nilikuwa naulizia ili nimwokoe. Siku ile Athumani sikumtazama. Nilikutazama wewe, nikasema mzee atawanyamazisha."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nenda, mzee. Gari litakuacha."

Wafu wana mizimu yao, hilo kila Mzigua anakwambia. Lakini huyu yu hai, analima, ananyonyesha! Basi kilichokaa kwangu ni nini? Nimewaza hadi kichwa kimeuma. Ni Mama Salome wa siku ile ya hofu, niliyemfungia mle ndani mimi mwenyewe. Hajui bado kwamba mtoto wake ni mzima.

Nilimwita Mariamu. Akafuta, akaweka kile huria, akakifunga kisahau. Siku hizi naandika herufi moja moja mbele ya wateja, anayetaka kucheka na acheke. Nikamuuliza, "Yale maneno yamekwisha?"

"Hapa yamekwisha, mzee. Lakini kile cha kwanza kilikuwa kinapeleka na kwingine. Huko mimi siwezi kufika."

Usingizi wangu ulikatika tangu jibu hilo. Maana mahali fulani, kwenye chumba nisichokijua, bado ameketi, anauliza.

Nawe unayechagua kivinjari, usiniambie ni cha bure. Bure ni vyote. Uliza kinakumbuka nini. Uliza kinampelekea nani, na kama tumbo lake linachungulika. Uliza kabla hujamkaribisha mtu kiti, kwa sababu akishaandika, hata wewe mwenye duka huna uwezo wa kumtoa humo.