Mikono Sitini ya Kushoto

Saa moja kasoro robo asubuhi, cherehani zote bado zimefunikwa, na Mama Mkasi yuko peke yake kwenye meza ya kukatia. Anaifuta kwa kiganja, mita sita, kutoka mwanzo hadi mwisho. Anachonga chaki kwa wembe. Kisha anavaa shingoni kitambulisho chenye utepe wa bluu, anakitazama, anacheka kimoyomoyo.

Kitambulisho kinasema: Mwanafunzi.

Ana miaka hamsini na mmoja. Kwenye karakana hii ya kushona sare amekata nguo kwa miaka ishirini na miwili, na waliompa jina la Mama Mkasi wengi wao wameshastaafu.

"Siku ya kwanza ya mafunzo, mlinzi akanisimamisha getini," anasimulia. "Eti mama, wanafunzi wanajaza daftari la wageni. Nikamwambia, mwanangu, hilo geti unalolinda mimi nimeliona likipakwa rangi ya kwanza. Akasema sawa mama, shikamoo, lakini andika. Nikaandika."

Yote haya yameletwa na karatasi. Mwaka jana mwenye karakana alitangaza kwamba wateja wakubwa sasa wanataka mkataji mkuu awe na cheti. Mama Mkasi, ambaye shule yake iliishia darasa la saba, hakuwa nacho. Akapewa hadi mwisho wa mwaka huu. Akikikosa, atahamia chumba cha nyuma, kukata nyuzi zinazoning'inia na kukunja mashati.

"Kukunja mashati si dhambi," anasema. "Lakini nikimwona mtu anaharibu kitambaa kwenye meza yangu, nitaugua."

Basi akajiandikisha chuo cha ufundi, masomo ya jioni, siku nne kwa wiki. Siku ya kwanza darasani kijana mmoja alimpisha kiti, akidhani ni mzazi aliyekuja kumtafuta mwanawe. Nyumbani, mumewe, dereva mstaafu, ndiye aliyeshikishwa daftari ili amsikilize akikariri vipimo.

"Akikosea, ananikaripia mimi," mume analalamika, huku akitabasamu. "Mwanafunzi yeye, adhabu yangu."

Ili kuhitimu, chuo kinadai wiki nane za mafunzo kazini na kitabu cha kujaza kila siku: leo nimejifunza nini. Karakana mbili za jirani zilimkataa. "Waliponiona wakasema huyu katumwa kutupeleleza," anasema. Ikabidi afanyie mafunzo pale pale anapofanyia kazi, na msimamizi wake akawa Sindano.

Sindano ni binti wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mwenye haraka. Miaka sita iliyopita naye alikuja hapa kwa mafunzo, na aliyemfundisha kushika mkasi ni Mama Mkasi huyu huyu.

"Nilikuwa naona haya hata kumwita njoo," Sindano anasema. "Huyu mama alishanifinya sikio nilipokata kola fupi."

"Sikukufinya. Nilikuvuta kidogo," Mama Mkasi anadakia kutoka mezani.

"Mama, lilivimba!"

"Ulikuja nalo hivyo hivyo."

Wiki ya kwanza Mama Mkasi alijaza kitabu chake bila hila. Jumatatu: *Leo sikujifunza kitu, nilikuwa nakijua.* Jumanne: *Kama jana.* Kuanzia Jumatano aliona hata hayo ni maneno mengi, akawa anaweka mstari tu.

Mwalimu wa chuo, mtu mpole mwenye miwani minene, alipokuja kukagua wiki ya nne alifunua kurasa hizo moja baada ya nyingine. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Mama, kitabu hiki siwezi kukipitisha. Nikirudi wiki ya nane nikakikuta hivi, cheti hakuna."

"Unataka niandike uongo, mwalimu?"

"Nataka siku moja uliyojifunza kweli. Moja tu, tuanzie hapo."

Mama Mkasi alinuna siku tatu.

Siku yenyewe ilikuja wiki ya tano, pamoja na makoti thelathini ya maabara. Kitambaa kilikuwa kigeni kwao, upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Miaka yote Mama Mkasi amezoea kukunja kitambaa mara mbili: ukichora mkono mmoja wa koti na kukata, unapata miwili, wa kulia na wa kushoto. Hiki kilitandazwa wazi, tabaka thelathini, mng'ao wote ukitazama juu. Kikitandazwa hivyo, karatasi yenye umbo la mkono huchorwa mara mbili, na mara ya pili lazima igeuzwe.

Hakuigeuza. Alichora miwili inayofanana, akawasha mashine ya kukatia, akaiongoza kwa madaha huku akiimba.

Mshonaji wa kwanza aliunga mkono mmoja ukakaa vizuri. Wa pili ukagoma. Kiwiko kikawa kinatazama mbele, na akiugeuza ndani nje, upande uliofifia ndio unatokea. Akajaribu mwingine. Na mwingine.

"Mama," akaita, "hao watu wa maabara wote wana mikono miwili ya kushoto?"

Cherehani zikanyamaza moja moja. Mama Mkasi alihesabu mikono sitini, yote ya kushoto. Akavuta kigoda akakaa.

"Na hili nilifundishwa," alisema polepole. "Mwalimu alisema ugeuze karatasi. Jioni hiyo mimi nilikuwa nacheka miwani yake."

Sindano akamvuta pembeni. "Mama, mimi siandiki kitu. Tutasema kitambaa kilikuja na kasoro."

"Wewe ni msimamizi wangu, au mwenzangu wa wizi?"

"Ofisini wakijua watakutoa mezani leo hii!"

"Na wakijua nimewadanganya, nitarudi mezani kwa uso gani?"

Akaenda ofisini mwenyewe, akamweleza mwenye karakana akiwa amesimama. Mwenye karakana alikunja uso, akasema neno moja tu: "Rekebisha."

Kitambaa kilichobaki kilikuwa cha kola, mifuko na mikanda ya mgongoni. Mama Mkasi aliizunguka meza mara mbili, akigusa hiki na kile. Kisha akatoa amri: kitambaa hicho kikatwe mikono thelathini ya kulia, na ile mikono thelathini ya kushoto iliyozidi ndiyo ikatwe kola na mifuko. Sindano akachukua penseli, akachora kila kipande kwa udogo kwenye karatasi, akapiga hesabu.

"Inatosha, mama. Ila mkanda utapelea."

"Uunge katikati. Mshono ukinyooka, nani atauliza?"

Makoti yalitoka siku moja baada ya ile aliyoahidiwa mteja. Mwenye karakana alijipima moja, akaingiza mikono mifukoni, akasema wasizoee.

Kitabu nacho, jioni ya siku ile ya kukosea, kilikuwa kimepata ukurasa wake wa kwanza uliojaa, kwa mwandiko mkubwa wa duara: *Leo nimekata mikono sitini ya kushoto. Chuo walinifundisha kugeuza karatasi, sikusikiliza. Msimamizi amenionyesha kuchora kwanza kwa udogo. Nimeona faida. Sikumfinya.*

Baada ya hapo hakuna ukurasa uliobaki mtupu. Wiki iliyopita mwalimu alirudi, akaanza kusoma amesimama, akamaliza amekaa, anafuta machozi ya kicheko. Akasaini. Sasa umebaki mtihani wa mwezi ujao, na Sindano anamsikiliza akikariri kila mchana, kipande cha mkate mkononi. Vipimo vya kola vya kitabuni bado vinamchanganya Mama Mkasi, lakini anasema akifeli atarudia, na mwenye karakana ameahidi kumsubiri hadi majibu yatoke.

Akipata cheti, ana ombi moja ofisini. Vijana wanaokuja hapa kwa mafunzo hukabidhiwa ufagio na birika la chai hadi wiki zao ziishe. Yeye anataka waletwe kwenye meza yake kuanzia siku ya kwanza.

"Na nitawapa kitambaa cha kweli, cha mteja," anasema, akiibana chaki kwenye vidole. "Kwenye mabaki mkono hautetemeki. Mwache atetemeke kidogo. Akiharibu, nipo, tutakaa naye hadi tupate pa kuukata huo mkono mwingine."