Mama kazipiga pasi picha za Mkumbo

Nani amewahi kuona picha ya rangi ikipigwa pasi?

Leo tumeiona hapa kwetu Kiomboi.

Mdogo wangu Mkumbo kamaliza chuo cha sanaa. Kesho ana usaili Singida mjini, na ameambiwa aende na kazi zake. Yeye huchora kwa rangi kwenye vitambaa.

Sasa mama alikuwa anamnyooshea shati kwa pasi ya mkaa. Akaona na vile vitambaa vimejikunja. Akavipiga kwa nyuma, kama kitenge, ili rangi isipauke. Akavikunja vingali vya moto, akavipanga kwenye begi.

Mchana Mkumbo kavitoa, vimegandana. Kuvuta kidogo tu, rangi ikabanduka.

"Nilitaka upendeze mbele za watu, baba," mama akamwambia.

Mkumbo hakugomba. Aliviweka tu chini kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipoumia.

Miaka yote ya chuo mama alimwombea, akamtumia unga na karanga. Ila kuziona hizo picha, hata siku moja. Wazazi mliomo humu, nyie mmewahi kuomba muonyeshwe?

Mama akaokota kitambaa kimoja. Kimechorwa mwanamke aliyejifunga kanga, anapepeta alizeti, uso wote umebanduka.

Akakiangalia weee.

"Mkumbo, hii kanga si yangu?"