Chumvi ya Ndimu ya Ami

Ami yangu alirudi kutoka Unguja na kilemba kipya, kikohozi cha watu wakubwa, na kifurushi cha karatasi chenye chenga nyeupe. Alikifungua mbele yetu kwa ncha za vidole. "Chumvi ya ndimu hii," akasema. "Wazungu wameikamua ndimu, maji wakayatupa, wakabakiza ukali wake mtupu." Bibi akalamba chenga moja, akafumba jicho. "Na ule mndimu wa uani unaokudondoshea ndimu kichwani kila siku una kasoro gani?" Ami akamwambia hajui ustaarabu.

Kweli, hatukuujua. Kwa ndimu tuliosha samaki, tukasugua masinia, tukatoa shombo mikononi, tukatuliza kikohozi. Mdachi alikuwa na boma lake hapa hapa kisiwani Chole, na hata askari wake walikuja kutuomba ndimu. Lakini ami, aliyekaa Unguja miezi mitatu mizima, alishaona ndimu mbichi ni mambo ya washamba.

Mwaka ule nilikuwa nimeposwa. Mchumba alikuwa fundi wa vyombo vya baharini wa Jibondo, na nilimtaka, sina haya kulisema sasa. Jibondo ni kisiwa kikavu. Maji ya kunywa yenyewe huletwa kwa mashua, sembuse ndimu. Kwa hiyo mama yake alikuwa na mtihani mmoja kwa kila binti aliyeposwa na wanawe: atoe achari yake ionjwe. Asiyejua kuhifadhi ndimu ikakaa miezi, kule angewalisha watu wali mkavu. Basi nikatia ndimu zangu chumvi na pilipili katika mtungi wa udongo, nikazianika juani wiki tatu. Zikalainika, zikawa na rangi ya asali.

Zikiwa zimebaki siku mbili wageni wa Jibondo waje kuonja, ami akachungulia mtungini. "Hii ndiyo ya kuwapa wakwe? Imepauka kama uso wa mgonjwa." Akatoa sufuria yake ya shaba, ile aliyoisugua kwa majivu na ndimu mpaka bati ya ndani ikatoka yote, kwa kuwa wekundu wa shaba ulimpendeza zaidi. Akamimina achari yangu humo, akaimwagia nusu ya kile kifurushi, akafunika.

"Ami," nikasema, "shaba isiyo na bati haiwekwi kitu kikali, hutoa sumu." Jambo hilo Chole nzima ililijua, wendawazimu wakiwemo.

"Unanifundisha mimi?" Baba yangu alikwisha kufa, na ami ndiye aliyekuwa walii wangu, wa kuniozesha au kunizuia. Nikaiacha sufuria ilivyo.

Siku ya wageni alipofunua, achari ilikuwa ya kijani. Subhanallah, kijani cha kutisha! Ami akafurahi kama aliyeokota lulu. "Mnaona? Ndimu imerudi ubichi wake!" Akaipakua mwenyewe, akijisifu kwa kila kijiko. Mama wa mchumba akaonja kidogo, akatema katika kitambaa. Dada wa mama huyo, masikini, alikwisha kumeza vipande viwili. Akakimbilia uani, tukamsikia anavyotapika. Hapo ndipo ami, aliyeiita "achari yangu" siku mbili mfululizo, alipokumbuka kwamba mwari ni mimi.

"Kaipika mwenyewe," akasema. "Mabinti wa siku hizi, bwana!"

Mama yule akaja mpaka kwenye pazia nililokaa nyuma yake. Hakufoka. Alisema polepole, na nilisikia kabisa kwamba anataka nikatae. "Mwanangu, huu ni mkono wako kweli?"

Kupitia upenyo nilimwona ami, jasho linamtoka, kilemba kimekwenda upande. Neno moja tu lingemvua nguo mbele ya wakwe, nami ningempata fundi wangu. Lakini nilikuwa nimelelewa vizuri mno, Mungu awasamehe walionilea.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Haya," akajibu. Akawaita wenzake, wakateremka pwani.