Mchoraji wa mabango anayefuta mizinga ya Wagiriki

Asubuhi, nyuma ya saluni moja katikati ya jiji la Durban, Onesphore Iteka anafuta kwa kitambaa chenye tapentaini mizinga ya vita aliyoichora jana kwenye bango. Anafuta huku ananung'unika, maana ilikuwa imependeza kweli.

Mchoraji huyu wa mabango, Mrundi, ameishi hapa miaka tisa. Vichwa vilivyosukwa na simu zenye vioo vilivyopasuka kwenye kuta za mtaa huu ni kazi ya mkono wake. Safari hii ameombwa kitu kingine: meli ya vita ya Wagiriki wa kale, ya kutundikwa kesho katika ukumbi wa kanisa ambako watoto wa wahamiaji husoma Kiswahili. Akipatia, atapewa ukuta mzima wa picha za historia. Akikosea, kazi inakwenda kwa duka la kuchapa. Anaitaka kwa kufa na kupona.

Kosa lilianza na neno. Katika kambi ya wakimbizi Kigoma, alikojifunza Kiswahili, kila meli ya vita aliisikia ikiitwa manowari. Basi akaandika MANOWARI, na manowari bila mizinga ingekuwa manowari gani?

"Eish, jina ndilo lililoniponza," anasema akicheka.

Mwalimu Gracieuse, Mkongomani mwenye darasa hilo, amekuja mapema kukagua, na ndiye aliyeagiza mizinga ifutwe. Hana haraka ya kusifu.

"Papa Onesphore, zamani ile baruti haikukuwa. Iko makasia tu, safu tatu. Andika merikebu ya makasia, voilà."

"Sawa, mwalimu. Kuuliza si ujinga: na minyororo je?" Wapiga makasia wote amewafunga miguu.

"Toa! Kule Athene wengi walikuwa watu huru, wanalipwa. Hata wageni wenye kuishi mule mujini walipiga makasia."

Onesphore anashusha brashi. "Wageni? Kama sisi?"

"Kama siye, papa."

Furaha inamjaa, wala haifichi. Minyororo anaifuta upesi kuliko mizinga, kisha anaandika upya: MERIKEBU YA MAKASIA. Gracieuse anasoma herufi moja moja, anaitikia kwa kichwa, na kumwambia kesho aje na futi ya kupimia ukuta.

Lakini Onesphore hajamaliza. Wapiga makasia wake bado ni vivuli vyeusi, na leo anataka kuwapa sura, mmoja mmoja.

"Mtoto akiniuliza, 'Papa, huyu ni nani?' nataka nimwambie: huyu alikuja mjini kama mgeni, na siku mji ulipovamiwa, alishika kasia pamoja na wenyeji."