Fundi Kochi Akaa Chini

Tangu ujana wake Fundi Kochi alitengeneza makochi, na mtaani hapakuwa na mwingine wa kumfikia kwa kubana springi na kujaza sponji. Watu walikaa kwa raha, yeye aliinama. Alipoingia utu uzima, mgongo ukaanza kugoma.

Shemeji yake, dereva wa lori ambaye hakukosa dawa mpya, alimpeleka ukumbini kumsikiliza mwalimu wa afya ya mtu mzima: mzima kwa maana ya mwili, akili na roho, vyote pamoja. Mwalimu alisema binadamu ameharibiwa na kiti. Anayekaa sakafuni mgongo hunyooka, akili hutulia, na roho hupata pa kupita.

Fundi alirudi mtu mwingine. Kochi la sebuleni akampa jirani, watoto wakaanza kula wamekunja miguu. Karakanani, mteja akija kuagiza, fundi alimshika mkono kwa huruma.

"Ndugu yangu, usinunue. Kitu hiki kitakumaliza."

Mkewe, aliyekuwa akishona vitambaa vya makochi nyuma ya pazia, aliyasikia yote. Mteja alipoondoka akasema, "Baba watoto, roho yako imetulia, sawa. Yangu inakwenda mbio."

Hatimaye mama mkwe akaja kuwatembelea. Akasimama katikati ya sebule na mkoba wake.

"Mkwe wangu, nikae wapi?"

"Hapo hapo chini, mama. Ni kwa ajili ya afya."

Mama alimtazama. "Maisha yangu yote nimekaa chini nikichambua maharage. Nilimwozesha binti yangu kwa fundi makochi nikidhani nimepumzika."

Lakini ugeni una adabu zake. Akashuka taratibu, akiegemea ukuta. Kushuka hakukuwa na neno. Kuinuka ndiko kulikoleta maneno. Magoti yalikataa katakata. Fundi akageuza uso kwa heshima, akamshika mikono, akamvuta. Mama akasimama. Mgongo wa fundi ukalia ka!, naye akabaki sakafuni.

Alilala pale siku kadhaa, amenyooka kama ubao, akipata ule utulivu wote aliokuwa akiutafuta. Wateja walipouliza, mkewe aliwajibu kwamba fundi yuko chini kwa ajili ya afya, jambo ambalo halikuwa uongo. Kisha akawaonyesha mito minene aliyoishona kwa masalia ya sponji.

"Hii ni ya kukalia sakafuni," akasema. "Ukikaa chini bila mto, usinilaumu."

Waliokwisha kuogopeshwa makochi wakanunua wote, wakaleta na jamaa zao. Fundi alipoweza kusimama, alikuta kazi imejaa mpaka mlangoni. Akainama tena, asubuhi mpaka jioni, kuliko zamani.

Shemeji alipopita kumjulia hali, akamuuliza roho inaendeleaje. Fundi akatoa sindano mdomoni.

"Sijapata nafasi ya kuiangalia," akasema. "Hebu nisogezee hiyo sponji."