Ndoo Kumi na Tano kwa Lita

Kawetele, huko Rungwe, maji hayatafutwi. Yanashuka yenyewe kutoka mlimani, yanapita migombani, yanakatiza barabara bila kuomba njia. Anyosisye Mwambene alizaliwa na kukulia katika maji hayo, akaenda Mbeya kusomea ufundi mitambo, akafaulu vizuri kama walivyofaulu wote wa nyumba ile. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini. Hakuna mtu wa ukoo huo aliyewahi kuitwa mbele ya watu ajibu jambo. Ndiyo maana maneno yaliyozuka aliporudi kutoka pwani, alikokuwa fundi wa hoteli, yaliwachoma sana: kwamba fundi kafukuzwa hotelini kwa wizi wa dizeli.

Barua ya kumfukuza ilikuwapo kweli. Binamu yake Ezron aliiona mezani siku alipokuja kuazima baiskeli, na Ezron hakuwa mtu wa kuona kitu akanyamaza. "Ubadhirifu wa dizeli," ndivyo ilivyoandikwa, na mhuri juu yake.

Anyosisye hakukanusha. Alikaa Ibighi, jirani na Kawetele, na mkewe, Mwalimu Ikupa, akitengeneza mashine za kusaga za watu. Mvua ikigonga bati, aliacha alichokuwa akifanya. Ndani ya mvua alisikia ndoo tupu ikiburuzwa kwenye mawe, inakuja, inakuja, haifiki. Siku moja bomba la mtaa lilikauka, Ikupa akawaambia watoto wakinge maji. Mwanawe Lugano alipotoka na ndoo, Anyosisye alimnyang'anya, akaibamiza ukutani ikapasuka. Kisha akaketi akitazama mikono yake.

"Baba Lugano," mkewe alimwambia watoto walipoondoka, "kama hukuiba, sema. Kama uliiba, niambie mimi peke yangu, nijue namna ya kutembea njiani."

"Sikuiba."

"Basi waambie watu."

"Nikiwaambia hilo itabidi niwaambie na lingine."

Mwaka 1996 watu wa Kawetele walimaliza kuchimba mtaro wa maji ya mserereko. Chanzo kiko juu, nyumba ziko chini, maji yanateremka bila injini wala tone la mafuta. Kamati ilitafuta fundi wa kushika spana ya valvu kuu, afunge jioni tenki lijae, afungue asubuhi. Walikutana darasani, na mwenyekiti, mzee Ambindwile, akalitaja jina la Anyosisye.

"Mpeni tu," Ezron alisema kutoka nyuma. "Huku hakuna dizeli. Labda aibe mteremko."

Darasa zima lilicheka. Ikupa alikuwa dawati la mbele, hakugeuka. Anyosisye aliiona shingo ya mkewe ilivyokaza, akasimama.

"Spana siitaki," alisema. "Nitawaambia kwa nini, halafu mniite mnavyotaka."

Akawaeleza. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wageni wenye mitaji walipokuja kujenga hoteli hata kwenye visiwa visivyo na kisima cha maana. Hoteli aliyofanyia kazi, kwenye kisiwa kimojawapo, ilikuwa na mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari.

"Mlikuwa mnayachemsha?" Ezron akadakia. "Bibi zetu walichemsha majivu wapate chumvi, nyie mnachemsha chumvi mpate maji?"

"Hayachemshwi. Yanasukumwa kwenye chujio ambalo chumvi haipiti. Lazima usukume kwa nguvu ya kupasua bomba la kawaida, na nguvu hiyo ni jenereta. Lita moja ya dizeli, ndoo kumi na tano za maji. Nilipima mara nyingi, haikuzidi. Na katika kila ndoo tatu tunazovuta, mbili zinarudi baharini zikiwa chungu kuliko zilivyotoka."

Hoteli iliwatolea wanakijiji bomba moja, saa mbili kwa siku. Visima vyao vilikuwa vimeingiwa na chumvi, vilivyobaki ni mashimo machafu. Halafu mwezi wa Agosti boti ya mafuta iliharibika. Yalibaki mapipa matatu. Meneja akasema wageni kwanza, na Anyosisye akaenda kufunga bomba.

"Mama mmoja, Arafa, ndoo yake ilikuwa haijafika nusu. Akaniuliza, fundi, sasa tunywe nini? Nikamjibu. Nikamwambia, kingeni ya mvua."

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeshangaa pia. Kwa mtu wa Rungwe hilo ni jibu la kawaida: bomba likifungwa, unaweka ndoo chini ya bati. Salimu peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa. Alikuwa muuza vitambaa wa Msasani aliyenunua shamba Kawetele, na baba yake alitoka pwani, upande wa Kilwa.

"Agosti kule hakuna mvua, jamani," Salimu alisema taratibu. "Mpaka Novemba."

"Mimi nilifika Machi, masika," Anyosisye alisema. "Nilikuwa sijaishi mahali ambapo mvua inakwisha. Nilidhani ni kusubiri kesho."

Walirudi kwenye mashimo. Kuhara kukaanza. Siku ya sita mtoto wa Arafa akafa, na ndugu zake wakaja hotelini kuomba maji ya kumwoshea, maana yale ya shimoni yalinuka. Meneja alikuwa bara. Anyosisye alichota lita ishirini za dizeli ya wageni, akawasha mtambo, akafungua bomba mpaka mafuta yakaisha. Ndoo mia tatu.

"Hiyo ndiyo dizeli ya kwenye barua," alisema. "Ilitosha kumwosha. Wiki moja kabla ingetosha kumnywesha."

Mzee Ambindwile alikohoa. "Basi hukuiba."

"Sikuiba, mzee. Heri ningeiba mapema."

Njiani Ikupa alitembea wima kama zamani, akiwaitikia watu salamu kwa sauti. "Sasa wamejua," alisema.

Kesho yake asubuhi Salimu alipiga hodi. Alikataa kiti.

"Bwana fundi, Ijumaa tutamsomea dua yule mtoto. Nimekuja kuuliza jina lake."

Idadi ya mapipa Anyosisye alikuwa nayo, presha ya pampu alikuwa nayo, hata rangi ya ndoo ya Arafa alikuwa nayo. Jina hakuwa nalo.

Ikupa aliweka chini madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Salimu alisema watamwombea hivyohivyo, Mungu anamjua, akaaga. Ikupa aliyafunga madaftari. Kisha akaenda kuitoa suruali nzuri ya mumewe kabatini, akatia makaa kwenye pasi.

"Utaondoka na basi la kesho," alisema bila kumtazama. "Ukamuulize mama yake. Na akikuuliza wewe ni nani, taja jina lako lote, na la baba yako."