Hatua za Kuelekea Mbalizi

Harufu ya mafuta ya mgando kwenye kioo cha saluni imenirudisha kwenye darasa letu lenye baridi pale Kihesa, nimeshika kioo cha mama. Yeye alikwenda Mbalizi kufanya biashara, kioo akakiacha.

Mwalimu alikisimamisha mezani, akaweka punje ya mahindi mbele yake.

“Ukiisogeza hii mbele, ile ya ndani ya kioo nayo inasogea kuja kwake vilevile.”

“Hata ikiwa mbali sana, mwalimu?”

“Hata ikiwa mbali sana.”

Jioni nilisimama barabarani, nikageukia upande wa Mbeya, iliko Mbalizi, nikapiga hatua moja. Nikasubiri kidogo. Nikapiga nyingine.

Bibi alinikuta nimeshapita kanisa.

“Unakwenda wapi wewe?”

“Siendi popote, bibi. Namsogeza mama.”